"Wamekula!" Wamekula nini?

Safari hii tunataka kuzungumza juu ya neno moja dogo ambalo kila mmoja wetu analitamka kutwa, pengine mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Neno hilo ni kula.

Mtu anaweza kuuliza: gazeti la amani lina kazi gani na neno la jikoni? Nitajibu kwa jambo nililoliona mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, vita vilipokaribia Sake, familia nyingi zilikimbilia upande wa Minova, katika teritware ya Kalehe. Mahali pamoja zilijenga vibanda vya bashi pembeni ya kijiji cha wenyeji, na kamati ikachaguliwa. Siku ya mgao, asubuhi, mama mmoja alipokea unga wake, akaunyanyua kwa mkono, akasema tu: "Kamati imekula." Hakupiga kelele. Saa sita maneno yalikuwa: "Raisi wa kambi na watu wake wamekula unga wetu." Saa kumi yalikuwa: "Watu wa kabila lile wamekula haki yetu." Jua lilipozama vijana walishika fimbo na mapanga. Bashi ya raisi wa kambi ilikwisha kupasuliwa, na mke wake alijificha na watoto nyumbani kwa mwenyeji mmoja. Usiku ule hakufa mtu. Tulishukuru Mungu, lakini tulijua ilibaki kidogo sana.

Tulitumia siku tatu kuuliza swali moja: waliokula, walikula nini? Jibu lake nitalitoa mbele kidogo. Kwanza tulitazame neno lenyewe, sababu ndilo lililobeba moto kutoka asubuhi mpaka jioni.

Neno la wazee wetu

Kula ni kati ya maneno ya zamani katika lugha zetu. Walingala wanasema kolia, Wanyarwanda na Warundi kurya, Washi okulya, Wanande erirya, Waluba wa Kasai kudia. Kila mtu anasikia kwamba ni ndugu wa baba mmoja. Kwa hiyo watu wanaotoka vijiji vya mbali wakikutana kwenye bomba la maji, neno hili halihitaji mkalimani.

Au ndivyo tunavyofikiri. Mzee anayesema Kinyarwanda au Kirundi akija kwenye kituo cha afya na kusema "umutwe urandya", maneno yake ni "kichwa kinanila", na maana yake ni kwamba kichwa kinamuuma. Nimeona mhudumu kijana akicheka aliposikia hivyo. Mzee hakucheka. Alifikiri anadharauliwa, akaondoka bila dawa.

Katika Kiswahili shina la neno ni la tu, fupi hata haliwezi kusimama peke yake, ndiyo maana tunasema anakula, amekula, tukibeba ule ku- mahali pengi kama mama anavyobeba mtoto mgongoni. Kutoka hapo tunapata chakula, yaani kitu cha kula, tena mlo, mlaji, kulisha, kuliwa. Tanzania wana pia neno ulaji kwa maana ya cheo au kazi yenye faida ya pembeni. Nadhani hakuna Mkongomani anayehitaji kuelezwa hilo.

Kula bila kosa

Maana nyingi za neno hili hazina ubaya wowote. Mzee amekula chumvi nyingi: ameishi miaka mingi, tumsikilize. Mfanyabiashara amekula hasara. Gari linakula mafuta, mkutano unakula wakati (mikutano yetu sisi watu wa mashirika hasa). Sisi Wakongomani tunakula Noeli na kula bonane, hata mwaka ambao sufuria haina kitu. Katika mchezo wa dama, kete inaliwa na mchezo unaendelea, hakuna anayekwenda polisi.

Vitu visivyo na mdomo navyo vinakula. Kutu inakula bati. Maji yanakula shamba. Mwezi wa tano 2023, hapa hapa Kalehe, mito ilifurika Bushushu na Nyamukubi na watu zaidi ya 400 walikufa. Waliopona walisema mto umekula nyumba, umekula watu. Hakuna neno lingine lingeeleza vizuri zaidi, sababu kinachoingia mle ndani hakirudi.

Kuna pia kula kiapo. Radio Okapi ilipotangaza kwamba Félix Tshisekedi amekula kiapo, tarehe 24 mwezi wa kwanza 2019 na tena tarehe 20 mwezi wa kwanza 2024, watoto waliuliza kiapo kina ladha gani. Swali si la kipumbavu. Zamani mahali pengi Afrika mtu aliyeapa alipewa kitu cha kutafuna au kunywa, na iliaminika kwamba akisema uongo kitu hicho kitamgeukia tumboni. Kiapo kilikuwa chakula kweli. Leo tunanyanyua mkono tu, lakini neno limebaki.

Jirani wa kiapo ni njama. Watu wanakula kiapo mbele ya wote, wanakula njama mafichoni. Hapa msomaji atasikia kwamba neno limeanza kubadili harufu.

Kula makuta, kula madaraka

Tuje sasa kwenye maana inayojaza masanduku yetu ya malalamiko. Amekula makuta. Wamekula mshahara wa walimu. Walingala wanasema kolia mbongo, Wanyarwanda wanasema kurya ruswa, na Kifaransa cha mitaani kina bouffer. Anayetaka kitu barabarani haombi rushwa kwa jina lake, anaomba chakula: Kinshasa wanasema madesu ya bana, maharagi ya watoto, na askari wa kizuizini anaomba "sukre" hata kama hana kiu. Matabishi ndilo neno linalotembea nchi nzima. Nani atakataa kumpa mtoto maharagi? Hapo ndipo werevu wa maneno haya ulipo: yanaufanya wizi uonekane kama njaa.

Si Kongo peke yake. Mwaka 1989 mwalimu Mfaransa Jean-François Bayart aliandika kitabu juu ya serikali za Afrika, akatumia jina "siasa ya tumbo" ambalo aliliokota kwa watu wa Kameruni. Mwaka 2009 mwandishi Michela Wrong alitoa kitabu juu ya rushwa nchini Kenya, na jina la kitabu hicho linasema kwamba sasa ni zamu yetu kula. Kwa Waganda mambo ni tofauti: kabaka mpya akitawazwa, wanasema amekula Buganda, na hiyo ni heshima, si lawama. Maana yake nchi imekuwa yake na yeye amekuwa wa nchi. Mimi sioni ajabu. Katika desturi zetu nyingi mkubwa anayekula alitazamiwa pia kulisha, na mwami ambaye ghala lake lilijaa wakati watu wana njaa alikuwa na aibu. Tatizo letu ni kwamba tumebaki na nusu ya desturi.

Kwa nini basi watu wanasema "wamekula" na si "wameiba"? Nimeuliza wazee wengi. Jibu lililoniridhisha ni hili: kilichoibiwa kipo mahali, mnaweza kukitafuta na kukirudisha. Kilicholiwa kimekwisha, kimekuwa nyama ya mwili wa mwingine. Kwa hiyo anayesema "wamekula" anasema pia, bila kujua, kwamba hakuna la kutafuta tena, limebaki la kulipiza.

Tena tazameni sentensi yenyewe. "Wamekula." Ina mashimo mawili. Wa- ni akina nani? Na ni kitu gani kimeliwa? Lugha yetu inaruhusu mashimo yote mawili yabaki wazi, na kila msikilizaji anayajaza kwa hofu yake mwenyewe. Mama yule wa asubuhi alijaza la kwanza kwa neno kamati. Saa kumi mtu mwingine alilijaza kwa jina la kabila. Mkiwa viongozi, jueni kwamba kati ya maneno hayo mawili kuna saa chache tu.

Pale anayeliwa ni mtu

Kuna maana mbili ambazo ningependa kuziruka, lakini siwezi.

Ya kwanza ni ya uchawi. Kijana mwenye nguvu anaumwa siku mbili, anakufa, na mtu anasema "wamemla". Pengine wanasema "wamemlisha", na hapo hawazungumzi juu ya ugali, wanazungumza juu ya sumu. Katika maisha ya kambi, ambamo malaria, kipindupindu na surua vinapita kibanda kwa kibanda, vifo ni vingi na maelezo ni machache. Anayeonyeshwa kidole mara nyingi ni mama mzee, mjane, asiye na watoto wa kiume karibu. Mwaka 2021, katika teritware za Kivu ya Kusini kama Kabare na Kalehe, akina mama wazee waliuawa na makundi ya watu, wengine kwa kuchomwa moto, baada ya kusingiziwa uchawi. Yote yalianza na neno. Kiongozi akisikia "amemla mtoto wa fulani", asiitishe mkutano wa hadhara, maana huko ndiko kumpeleka mzee yule mbele ya moto. Amwondoe kwanza mahali pa hatari, kimya kimya, halafu aulize mtoto aliumwa nini, alipelekwa wapi, nani mwingine anahara au ana homa. Mara kadhaa swali hilo limetuonyesha kisima kibaya.

Ya pili watu wazima wanaielewa, na sitaieleza kirefu. Mwanamume anajisifu kwamba "amemla" msichana. Lakini msichana au mama mjane naye anaweza kusema kwa sauti ndogo, "yule wa listi alitaka kunila", na anayesikiliza akadhani ni habari ya pesa. Msidhani. Jina kuandikwa kwenye listi, jetoni, unga, bashi, vyote ni bure. Havilipiwi kwa makuta, wala kwa kazi, wala kwa mwili. Anayedai malipo ya namna hiyo, awe mwanakamati, mlinzi, au mfanyakazi wa shirika kama mimi, ametenda kosa kubwa, na anayelalamika ana haki ya kusikilizwa faraghani na mwanamke mwenzake kama ndivyo anavyotaka. Kiongozi asimwite mshitakiwa na mshitaki wakae pamoja "wapatane". Jambo hili si la mapatano.

Walikula nini?

Turudi Minova. Siku ya kwanza tulikuta kwamba mgao wenyewe ulikuwa umekatwa. Watu walikuwa wameongezeka kuliko akiba, shirika lililoleta chakula likaamua kutoa nusu. Habari hiyo ilisomwa kwa Kifaransa katika mkutano wa viongozi, na karatasi ikabandikwa juu ya mlango wa ofisi. Hakuna aliyewaeleza akina mama. Tuhesabu pamoja: mgao kamili ukiwa gramu 400 za unga kwa mtu kwa siku, familia ya watu watano kwa siku 30 inapata kilo 60. Nusu ni kilo 30. Mama aliyezoea 60, akipewa 30 bila neno, atasema nini? Kilo hizo hazikuliwa na mtu yeyote wa kambi. Hazikufika.

Lakini mama yule hakupata hata 30. Alipata kama 28, na hili lilituchukua siku ya pili. Gunia moja lina kilo 25. Ili kutoa 30, kila familia inapewa gunia zima, halafu familia tano zinagawana gunia la sita, kilo tano tano, kwa kuchota na kopo. Kila aliyejua kusoma na kuandika alipitisha hesabu hiyo, mimi nikiwemo. Hakuna aliyekumbuka kwamba unga unamwagika, na kwamba mchotaji humjazia kopo anayemjua na kulisawazisha kwa asiyemjua. Wa tano anapata kinachobaki. Mama alikuwa wa tano.

Tena kabla ya kopo la kwanza, wabebaji walikuwa wanachota lao katika kila gunia linalofunguliwa. Walibeba magunia kutoka barabarani tangu alfajiri na hakuna aliyepanga kuwalipa. Waliita matabishi, bila kujificha. Wanakamati waliona, wakanyamaza, sababu nao hawakuwa na cha kuwapa.

Siku ya tatu tulikuta mlaji wa kweli. Mwanakamati mmoja alikuwa na jetoni tatu za familia zilizokwisha kuondoka, amechukua mgao wao wote na kuuza sokoni. Alikuwa wa kabila gani? Nilifurahi kidogo, naungama, nilipoona kwamba alikuwa wa kabila la wale waliopiga kelele zaidi jioni ile. Nilijirudi baadaye, maana kama angekuwa wa lile jingine, mwizi angebaki mmoja vilevile, na jetoni tatu.

Kwa hiyo "kamati imekula" ilikuwa na mambo manne ndani yake: uamuzi wa mbali, kopo baya, kazi isiyolipwa, na wizi. La kwanza lilihitaji maelezo, la pili mizani, la tatu mapatano, na la nne tu ndilo lililohitaji adhabu. Vijana wenye mapanga wangeyatibu yote manne kwa dawa moja.

Kuuliza bila kuzima

Viongozi wengine wakisikia malalamiko wanasema: "Acheni maneno ya kula, mnaharibu amani." Mimi sikubaliani nao. Malalamiko yakizimwa yanarudi usiku. Afadhali kulichukua neno na kulifungua taratibu, mbele ya aliyelisema: kitu gani kimepungua? Kilipaswa kuwa kiasi gani, na nani alikuambia hivyo? Ulikiona kikipunguka, au ulisikia? Nani alikishika kabla yako? Mtu mwenye njaa anajibu maswali haya vizuri kuliko tunavyofikiri, sababu amekwisha kuyahesabu usiku kucha. Ila msimuulize kwa sauti ya hakimu. Mwiteni mama, mpeni kiti.

Jambo hili lilipata uzito zaidi mwaka 2025. Marekani, iliyokuwa mtoaji mkubwa kuliko wote wa misaada ya kiutu nchini kwetu, ilikata fedha zake nyingi. Mwezi wa pili mwaka huo huo kambi za kandokando ya Goma zilibomolewa, watu wakarudi vijijini au wakaenda kwa ndugu na kwa wenyeji. Sasa mgao ukipungua, anayeshukiwa si kamati ya kambi tena. Ni shefu wa mtaa, ni mchungaji, ni mwenyeji aliyekupa chumba. "Wamekula" inasemwa ndani ya nyumba moja.

Hapo ndipo maana ya kwanza kabisa ya neno inapotusaidia. Wazee wanaosuluhisha magomvi hawatazami tu nani amekubali kwa mdomo. Wanatazama nani amepeleka mkono katika sahani. Aliyesamehe kwa maneno na kukataa kula, kwa kisingizio kwamba ameshiba, bado ana neno moyoni, au anaogopa sumu. Wazee hawamlazimishi. Wanaweka siku nyingine.

Minova ilikuwa hivyo. Yule mwanakamati alitolewa katika kamati. Unga alikwisha kuuza, akakubali kulipa kidogo kidogo, na tulipoondoka alikuwa amelipa nusu. Raisi wa kambi alishonewa bashi na vijana wale wale, lakini mke wake alikataa kula nao mara mbili. Wabebaji walipewa kopo moja kwa kila familia, linalochotwa mbele ya mwenye unga na kwa ruhusa yake. Mizani ya kutundika ilifungwa kwenye mti wa avoka, na mama yule wa asubuhi akachaguliwa kuisoma.

Katika mgao wa tatu mtu alipiga kelele kutoka nyuma ya mstari: "Wamekula!" Watu walicheka, na wengi wakamjibu kwa pamoja: "Nini?" Alikuja mbele na gunia lake, likatundikwa. Lilipungua kilo moja na nusu. Mama alisoma namba kwa sauti, wakamwongezea, akaenda zake.